Hesabu Tatu Kabla ya Jina

Chozi lilimdondoka fundi pale pale mwalimu alipotaka lidondoke: baada ya kimya, kabla ya jina. Likateremka shavuni taratibu, likajishika kidogo kwenye ndevu zake zenye mvi, kisha likaangukia sakafu ya mbao ya ukumbi wa mazoezi. Wanafunzi wenzake, wote wa rika la watoto wake, walibaki vinywa wazi.

"Mmeona?" mwalimu wa uigizaji akawauliza kwa upole. "Hakupiga kelele. Alivuta pumzi mpaka tumboni, akanyamaza kwa hesabu tatu, halafu akalitaja jina kwa sauti ya chini kuliko maneno yaliyotangulia. Nani alikufundisha kunyamaza hivyo, Baba Mkubwa?"

"Mafriji," fundi akajibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Hakuwa akitania. Alikuwa ametengeneza friji kwa miaka ishirini na saba, na kazi hiyo ilimzoeza kusikiliza kimya. Mota ikizima, yeye huinamisha kichwa na kuhesabu moyoni mpaka iwake tena, na kwa hesabu hiyo hujua kama ugonjwa uko kwenye gesi au kwenye waya.

Katika mambo mengine ya chuo kile cha sanaa alikuwa mzigo. Darasa la ngoma lilimtoa jasho mpaka viatuni, hata binti mmoja aliyekuwa mwenzake katika mazoezi alimwambia, "Baba Mkubwa, kiuno hiki kimeshika kutu. Fundi mzima umekosa grisi?" Katika uimbaji sauti yake ilifika katikati ya wimbo ikaomba kupumzika. Lakini kwenye kuigiza, alipopewa simu isiyo na waya wala mtu upande wa pili na kuambiwa amuage ndugu anayesafiri, kitu kilifunguka ndani yake. Tangu ujanani alikuwa ametamani kitu hicho, na tangu ujanani alikuwa amekionea haya. Kanisani, alikoongoza kikundi cha maombi, alisema tu kwamba anahudhuria masomo ya jioni. Watu wakadhani ni kompyuta, naye akawaacha wadhani.

Mtu mmoja tu aliijua siri ile: kinyozi, mume wa mdogo wake. Kwenye kiti cha kinyozi hakuna siri inayokaa, hasa kiti kikiwa cha shemeji. Siku moja, povu likiwa bado kidevuni, fundi alimweleza habari ya hesabu tatu kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Kinyozi akaijaribu papo hapo, wembe hewani: akavuta pumzi, akanyamaza, kisha akasema kwa huzuni kubwa, "Shemeji... una upara." Walicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akakunja gazeti lake akawatazama.

Miezi miwili baadaye kinyozi alipatikana na uvimbe tumboni. Madaktari wakapanga siku ya kumpasua. Jumapili iliyotangulia siku hiyo, kikundi cha maombi kilikusanyika sebuleni kwake. Alilala kwenye kochi, mto umekumbatiwa tumboni, mashavu yamebonyea. Mkewe alikaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Kaka, tuongoze," akasema.

Fundi akasimama. Alianza kama alivyozoea, na alimpenda shemeji yake, hilo Mungu alilijua. Lakini alipokaribia kulitaja jina la mgonjwa, tumbo lake lilijaa pumzi lenyewe. Akanyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Kisha akalitaja, chini, karibu na kunong'ona. Mama mmoja karibu na mlango akapasuka kulia. Mdogo wake akaegemeza paji la uso kwenye kochi, mabega yakitikisika. Chozi likamjia fundi, likaja kwa wakati wake. Naye, bila kuambiwa na mtu, akageuza uso kidogo upande wa dirisha, kulikokuwa na mwanga.

"Leo umeshukiwa na Roho," watu walimwambia walipokuwa wakiaga, wakimshika mkono kwa mikono miwili. Akaitikia kwa unyenyekevu, na moyoni akafurahi. Mdogo wake alipokwenda jikoni kuchemsha chai, wakabaki wawili.

"Shemeji," kinyozi akaita, macho darini.

"Naam, shemeji."

"Ulifika tatu, au uliishia mbili?"

Damu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Alitafuta pa kuuweka uso wake, hakupaona. Chumba kile chote, makochi na mapazia na picha ya harusi ukutani, kilikuwa kinamtazama.

"Sijakasirika," kinyozi akasema. "Hata mimi nikimnyoa bwana harusi, kioo namgeuzia upande unaompendeza. Lakini keshokutwa wananipasua, na nina woga. Mke wangu sijamwambia, nakwambia wewe. Asubuhi hiyo njoo uniombee tena. Mwalimu wako mwache nyumbani."

Fundi hakunywa chai.

Kesho yake alijifungia kwenye karakana. Alipiga magoti nyuma ya friji iliyotolewa mlango, mahali alipopazoea kuomba kabla ya kushika spana. Lakini kila neno lilikuja limekwisha kuvaa mavazi ya jukwaani. Aliposema "nisamehe" alisikia kwamba amelisema vizuri, akaona haya upya. Akajaribu kuomba kimyakimya, na kimya nacho kikaanza kujihesabu. Alitaka kukilaumu chuo, ila kumbukumbu ilimkatalia: hata kabla ya chuo, kwa miaka mingi, alikuwa akijua ni neno gani litawaliza akina mama, na alikuwa akilitunza mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa amekipa jina tu kitu alichomkuta nacho.

Mchana simu ikalia. Alikuwa mwalimu.

"Baba Mkubwa, Jumamosi wewe ndiye unayefunga onyesho. Tumekubaliana wote."

"Mwalimu," fundi akasema, "chozi likishazoea kuitwa, litakuja tena lenyewe?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Sijui," mwalimu akajibu mwishowe. "Mama yangu alipofariki, nilijikamata kaburini nikiangalia nimeiwekaje mikono yangu. Sijawahi kumwambia mtu."

Wakaagana bila kutaja tena onyesho.

Asubuhi ya upasuaji alimkuta kinyozi kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la hospitali lililofungwa kamba mgongoni. Mkewe alikuwa kwenye dirisha la mapokezi akitia sahihi karatasi. Muuguzi akasema wana dakika tano.

"Haya, shemeji," kinyozi akasema. Akajaribu kutabasamu. "Sina nywele za mteja za kushikilia leo, nipe mkono."

Fundi akampa. Kinyozi akaushika kwa vidole vyote, kama anavyoushika wembe juu ya shingo ya mtu. "Bwana," fundi akaanza, na tumbo likajaa pumzi, na moja ikaja, na mbili ikaja. Akaitoa pumzi yote nje. Akaanza tena, sauti ikatoka mbovu kama ya mtu mwenye mafua.

"Bwana, huyu ni shemeji yangu. Mimi... sina maneno. Nilikuwa nayo, nimeyachafua. Huyu anaogopa. Mimi pia naogopa. Basi."

Hakukuwa na amina. Hakuna aliyelia. Pua ilikuwa inamchuruzika, na alipotaka kuipangusa aligundua mkono wake bado umeshikwa. Muuguzi akarudi, akakiachia kitanda breki. Kinyozi alimtazama shemeji yake mpaka magurudumu yalipopinda kona, na hakusema utani wowote.

Mdogo wake akaja akaketi naye kwenye benchi la ukumbini.

"Umemwombea, kaka?"

"Sijui," fundi akasema.

Mdogo wake akamtazama kama anayetaka kuuliza zaidi, kisha akaegemeza kichwa begani pake. Mbele yao, nyuma ya mlango wa kioo, friji ya kutunzia dawa ilikuwa ikinguruma, mota yake imechoka, fundi aliisikia tangu alipokaa. Walikaa. Watu walipita na mafaili. Kisha friji ikajitikisa mara moja, ikazima, na ukumbi wote ukanyamaza.

Kichwa cha fundi kilianza kuinama, kama kilivyozoea. Akakiinua. Kimya kilikaa pale, kati yao na ule mlango, naye hakukihesabu.