Gundi Isiyokauka Hewani

Afande Marijani aliilaza bastola yake tupu juu ya meza yangu, kisha akakigusa kwa kidole kile kinundu kidogo kilicho kwenye ncha ya mtutu. Kikacheza. Kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kama jino la mtoto linalosubiri kung'oka.

"Mama Jesca, kilengeo hiki kimelegea," akasema. "Jumamosi nina mtihani wa shabaha kule Pugu. Nikazie."

Nilimtazama usoni nione kama ameyasikia maneno yake mwenyewe. Wapi! Uso mkavu, macho makavu. Miaka mitatu iliyopita mume wangu, Leodegar, naye mlinzi hapa, alisimama mbele ya mtu huyu huyu, kwenye lango hili hili la yadi ya makontena hapa Kurasini, akamwambia maneno hayo hayo: Afande, kilengeo kimelegea. Mimi, fundi wa silaha, sikuwapo. Nilikuwa msibani Ifakara, na ufunguo wa ghala la silaha nilimwachia Marijani aliye mkuu wa walinzi. Akamjibu mume wangu, "Nenda nayo hivyo hivyo, kesho itatengenezwa." Jioni ile ile wezi wakavamia na lori lao. Leodegar akalenga gurudumu, risasi ikampata Jabiri, mpakiaji mizigo, mtu wa Temeke, baba wa watoto wanne. Hakufika hospitali.

Asubuhi, polisi walipokuja kuichukua ile bastola, kilengeo kilikuwa imara. Imara! Niliporudi nikakuta chupa yangu ya gundi ya skrubu imehama rafu, na kifuniko chake kimefungwa mshazari, jambo nisilolifanya hata nikiwa na homa. Nikajua ni mkono wa nani. Lakini nani angemsikiliza mke wa mshitakiwa? Mahakamani Marijani aliulizwa, naye akajibu bila kumeza mate, "Bastola haikuwa na kosa. Kosa ni la mkono." Leodegar akafungwa miaka sita.

Watu huniuliza kwa nini sikuacha kazi. Niache niende wapi? Nilibaki makusudi. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mie sikuitaka hiyo mbivu, niliitaka mbichi, na chumvi yake. Na kila Jumapili nilipokwenda kumwona mume wangu gerezani, alinipa sababu mpya ya kubaki. Mwaka wa kwanza aliapa kwamba kilengeo kilikuwa kimelegea. Mwaka wa pili akanyamaza. Mwaka huu ameanza kuniuliza, "Vaileth, kweli kilikuwa kimelegea, au niliota tu?" Hapo ndipo ninapomchukia Marijani zaidi.

"Iache, Afande," nikamwambia. "Njoo Ijumaa."

Gundi ya skrubu ina tabia yake. Ukiiweka hewani haikauki, hata mwezi upite. Lakini ukiitia kwenye nyuzi za skrubu ukaibana gizani, chuma kwa chuma, pasipofika hewa, inakuwa ngumu ajabu. Sharti lake ni moja tu, usafi. Palipo na mafuta haishiki. Itajifanya imeshika, kisha mshindo wa risasi ya tatu au ya nne utaiachisha. Hilo halionekani kwa macho. Analijua fundi aliyekaza, basi.

Nilipoifungua skrubu ya Marijani niliikuta imeloa mafuta. Nikakichukua kitambaa, nikakitazama, nikakirudisha mezani. Sikufuta kitu. Nikadondosha tone moja la gundi juu ya mafuta yale yale, nikakaza. Sitaficha, nilifurahi. Anayefeli mtihani ule huvuliwa ukuu siku hiyo hiyo. Aanguke! Aanguke mbele ya walinzi anaowafokea kila siku, naye ajue aibu ilivyo chungu.

Nikanyanyuka kujimiminia chai. Dirishani nikamwona getini akisaini karatasi za dereva wa lori. Kalamu ilikuwa ikimtetemeka, mpaka akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Mtetemeko ule nilikuwa nikiuona siku nyingi, kikombe kikigonga kisahani, funguo zikilia mkononi. Nikabaki na chupa ya chai hewani, maana ghafla niliuona upumbavu wangu. Kilengeo kikilegea Jumamosi, atafanya nini? Atakionyesha kwa watu, atasema, "Tazameni, kimelegea," na watu watamwamini. Watampa bastola nyingine na siku nyingine. Nilikuwa nimempikia udhuru kwa mikono yangu, udhuru ule ule aliomnyima mume wangu.

"Ebo! Vaileth, umerogwa?" nikajiuliza kwa sauti.

Nikarudi mezani mbio kabla gundi haijapata nguvu. Nikaifungua skrubu, nikaiosha kwa spiriti uzi kwa uzi, nikapitisha pamba kwenye tundu lake, nikapitisha nyingine, na nyingine, hadi pamba ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Nikatia tone jipya. Nikakinyoosha kilengeo katikati, nikakaza. Kisha nikachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, nusu juu ya kilengeo, nusu juu ya chuma kinachokibeba, ili kikisogea unywele mmoja mstari ukatike. Nikaiacha ishike mpaka Ijumaa. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, wala sijawahi kufanya kazi kwa chuki kama ile.

Jumamosi tulikuwa Pugu, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambako walinzi hufanyia mitihani. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mfupi wa maneno, Yuliana, asiyecheka na mtu. Risasi kumi, na lazima saba ziingie. Za Marijani ziliingia tatu.

Akaishusha bastola. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Kilengeo kimelegea!" akapaza sauti. "Mama huyu hakukikaza!"

Walinzi kumi na wawili wakanigeukia. Yuliana akaipokea bastola, akahakikisha haina risasi, akakisukuma kilengeo kwa kidole gumba, huku na huku. Akausogeza ule mstari mweupe karibu na macho yake.

"Mstari haujakatika," akasema. "Kilengeo hakina kosa, Afande."

Siku za mwizi arobaini, nami nilikuwa nimezihesabu zote. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa tayari ulimini: kosa ni la mkono. Ningeyatema tu, walinzi wangecheka, nami ningelala usingizi. Lakini Jumapili ilikuwa kesho, na Leodegar angeniuliza tena lile swali lake. Kicheko cha walinzi kingemjibu nini?

Nikamsogelea Marijani mpaka nikasikia pumzi zake.

"Afande, ile bastola ya Leodegar, nani alikikaza kilengeo chake?"

Aliutazama mkono wake wa kulia ukicheza mbele ya wote, akajaribu kuuficha mfukoni, ukakataa hata kuingia.

"Mkono huu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Tangu asubuhi ile, Mama Jesca. Niliishika ile skrubu na bisibisi, ukaanza. Haujaacha."

"Sikukuuliza habari za mkono."

"Kilikuwa kimelegea," akasema. "Aliniambia. Nikakikaza mimi, kabla polisi hawajafika."

Nilidhani nitapiga kigelegele siku hiyo. Sikupiga. Nikafungua begi langu, nikatoa daftari la silaha, lile linaloandikwa kila bastola inapotoka ghalani, nikalifungua kwenye ukurasa mtupu na kuliweka juu ya jiwe. Nikampa kalamu.

"Andika, Afande. Kama ulivyosema sasa hivi. Mkaguzi yupo, atatia sahihi chini."

Yuliana akasogea, akasimama kando yetu. Marijani akapiga magoti mbele ya jiwe. Kalamu ikagusa karatasi, ikaruka, ikagusa tena. Mkono ulitetemeka hata daftari nalo likawa linacheza juu ya jiwe. Nikachutama upande wa pili, nikaweka viganja vyangu viwili juu ya kurasa, nikalibana.