Taa ya Samaki wa Hoteli

Samaki wawili walikufa na madoa meupe mwilini kwenye tangi la matumbawe la hoteli moja ya Diani. Meneja Issa akaja na samaki mpya ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji, akamlaumu mtunzaji wao.

"Mama Kadzo, maji unayochota baharini ni machafu. Tutafunga taa ya miale kwenye bomba la maji iue vijidudu."

Kadzo akafura. "Taa huua kinachopita mbele yake! Kilichowaganda samaki itakifuata? Ugonjwa umeuleta wewe, ulipommimina yule samaki mgeni wa juzi moja kwa moja tangini. Kwetu hata mbuzi wa kununua hufungwa kando kwanza, tuone kama ni mzima!"

"Samaki si mbuzi, mama."

"Bahati yako. Angekuwa na pembe angekuonyesha."

Akampokonya mfuko, akamtia samaki ndooni peke yake.

"Taa nunua ukitaka. Huyu haingii."