Nyuma ya Kiinyaa Kuna Nini

Hadi siku tuliyofungwa pamoja kwa mikanda na kutoka mlangoni mwa ndege, mimi na mkwe wangu Musembi tulikuwa hatujawahi hata kupeana mkono. Asiye Mkamba atashangazwa na hilo la mkono. Mkamba mwenzangu atashangazwa na hilo la mikanda, na huenda asinisalimie tena.

Kwetu, mwanamke na mwanamume aliyemwoa binti yake hawakaribiani. Desturi hiyo tunaiita nthoni, heshima yenye haya ndani yake. Mkikutana njiani, yeye anaingia kichakani na kofia usoni, wewe unapita ukitazama upande wa pili kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Nilikuwa nimeishika nthoni hiyo bila kulalamika. Nilianza kuichukia Mumbua alipokufa.

Mumbua alikuwa binti yangu wa pekee. Musembi, kijana wa Kasikeu, alikuwa askari wa miavuli. Alimwoa vizuri, kwa wazee na mbuzi, akaenda naye Nanyuki alikokuwa kazini. Huko baridi ni kali. Mwaka wa tatu Mumbua alishikwa na kichomi, na habari ziliponifikia huku Mbooni, mwili ulikuwa tayari njiani kwenda kuzikwa nyumbani kwa mumewe. Nilimzika mtoto wangu kwa kutazama sanduku. Musembi alisimama ng'ambo ya kaburi, kofia imemshuka hadi puani. Kesho yake wazee wawili walikuja kuniletea maneno ya mwisho ya Mumbua, kama mumewe alivyowapa.

"Alikwenda kwa amani," wakasema.

"Basi?"

"Basi, mama."

Maneno hayo huyatumia kwa kila maiti. Hata yule mlevi wa sokoni aliyekanyagwa na lori, naye alikwenda kwa amani. Mumbua wangu hakuwahi kusema neno fupi namna hiyo tangu aote meno. Nilijua Musembi amebaki na maneno mengine, ya Mumbua mwenyewe, na kwamba nthoni ndiyo iliyoyafungia. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, mtoto ambaye angenipa sababu ya kupeleka mtu Kasikeu kuuliza hali. Nilimtamani mtoto wangu mpaka nikawaonea wivu wanawake wanaogombana na mabinti zao. Nilitaka neno moja tu lililotoka kinywani mwake. Nalo lilikuwa kwa mtu mmoja duniani, mtu nisiyeruhusiwa kumkaribia.

Nyumba yangu iko mgongoni mwa kilima. Ukisimama uani alfajiri isiyo na wingu, unaona Kiinyaa, ule mlima wa theluji ulioipa nchi jina, mbali sana kaskazini, mdogo kama jino la mtoto. Mumbua akiwa na miaka kama mitano aliniuliza nyuma yake kuna nini. Nilikuwa napepeta mtama na upepo ulikuwa unakaribia kutulia. Nikamwambia, "Nyuma ya Kiinyaa hakuna kitu. Dunia inaishia pale, hakuna watu. Shika ungo." Alishika ungo, lakini kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa, na mimi nikamjibu vilevile mpaka likawa neno letu la kuchekea. Akikosa kitu chochote nyumbani, kisu au kiatu, alisema kimekwenda nyuma ya Kiinyaa.

Mwaka wa tisini na nne, mwezi wa Januari, wazungu fulani wa kuruka na miavuli walipiga hema katika uwanja wa ndege wa udongo kwenye tambarare ya Kasikeu. Walikuwa wanasaidia kanisa letu kujenga zahanati, na akina mama wa kanisa wakaombwa kupika. Mwenyekiti wetu ni Syokau, wifi yangu, mwanamke mwenye sauti inayoweza kufukuza nyani shambani bila mawe. Alinijia nyumbani kunionya mapema.

"Kalondu, Musembi ameacha jeshi, na ndiye anayeruka na wageni. Mtu anafungwa kifuani kwake, mgongo huku, kifua huku, wanaanguka wawili kwa mwavuli mmoja. Kwa hiyo wewe utakaa nyuma na masufuria, msije mkakutana."

"Nitakaa na masufuria," nikasema.

Nilikubali haraka mno. Kama Syokau angekuwa ananijua nusu ya anavyodhani, angenirudisha nyumbani pale pale.

Nilikaa na masufuria. Nilisonga ugali, nikapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na kila ndege ilipopanda nilitoka jikoni nikatazama. Kitu cheusi kilianguka, kikafunguka kitambaa cha manjano, kikaanza kuelea. Na hapo nikasikia jambo. Siku isiyo na upepo, sauti zao zilitufikia chini: mgeni anauliza, Musembi anajibu, mgeni anacheka. Walikuwa wanazungumza huko juu, wawili tu, bila mtu wa tatu.

Siku ya mwisho kiongozi wao, mwanamke mrefu aitwaye Lina, alikuja jikoni. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza alisema wanataka kutushukuru, na kwamba mmoja wetu anaweza kuruka bure. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mmoja alisema afadhali apewe sukari. Mimi niliinua mkono, na mwiko ukiwa bado ndani yake.

"Wewe?" Syokau akauliza. "Wewe ambaye unashikilia ukuta ukipanda kiti?"

"Mimi."

"Sawa. Basi utaruka na yule mzungu wa ndevu."

"Nitaruka na yule," nikasema, nikamwonyesha Musembi kwa mwiko.

Kicheko kilikatika. Musembi alikuwa mbali, anakunja kamba. Alinyanyua macho, akaona mwiko unaelekea kwake, akateremsha kofia na kutugeuzia kisogo.

"Kalondu, umelogwa?" Syokau alisema kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. "Huyo si ni mkwe wako?"

"Najua ni nani."

Basi yakaanza mashauri, mimi huku, Musembi kule, Syokau katikati anakwenda na kurudi huku akihema, na Lina anageuza shingo asielewe chochote.

"Anasema haiwezekani," Syokau akaleta. "Anasema anakuheshimu sana."

"Mwambie nthoni inakataza tutazamane uso. Mimi nitakuwa mbele, yeye nyuma. Nani atamwona nani?"

Akaenda, akarudi. "Anasema, na kugusana je?"

Hilo nilikuwa nimeliwaza siku tatu. Nilifungua leso yangu kiunoni, nikaikunja mara nne. "Mwambie hii itakaa katikati."

Syokau alinitazama. Ana kelele, lakini si mjinga, na siku ya mazishi alinishikilia yeye. "Kuna kitu unataka kumwuliza," akasema.

"Kuuliza si ujinga."

Alikwenda tena, na safari hii alikaa. Sijui alimwambia nini. Nilimwona Musembi akipangusa uso kwa mkono wa shati, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Walinivisha ovaroli. Mimi, mama wa kanisa, katika suruali! Nikasema Mungu ameshaniona na mabaya kuliko hayo. Leso niliipitisha mgongoni chini ya ile ovaroli, nikaifunga kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Mgongo huohuo nilimbebea Mumbua, na nilipokaza fundo mikono yangu iliikumbuka kazi. Nilisimama kidogo hivyo, nimeshika fundo. Lina alidhani naogopa, akanipiga bega.

Ndege ilikuwa ndogo, haina viti. Tuliketi sakafuni, mimi natazama mbele, Musembi nyuma yangu. Alifunga mikanda bila neno, ncha za vidole tu, kwa adabu ya mtu anayetoa mwiba. Syokau alipiga kelele kutoka chini, "Haya nenda! Aliye juu mngoje chini!" Kisha injini ikammeza hata yeye.

Mlango ulipofunguliwa, nilitaka kurudi nyumbani. Nasema kweli, sikumkumbuka Mumbua wala swali langu, nilikumbuka kuku. Musembi alikuwa amempa Lina maagizo, na Lina akanifikishia mimi: kunja mikono kifuani, inua kichwa, rudisha miguu nyuma. Nilifanya yote na macho nimefumba. Tukatoka.

Upepo ulinijaa mdomoni hata nikashindwa kupiga kelele. Nilianza sala nikaisahau katikati. Mashavu yangu yalikuwa yanakimbilia masikioni. Halafu kitu kikatushika mabegani, kikatuvuta, na kelele zote zikakatika. Nilifumbua macho. Tulikuwa tunaning'inia, na kulikuwa kimya kama kanisani siku ya Jumatatu.

"Mama yuko salama?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Aliuliza hewa, masikini, kama kwamba kuna mtu pembeni wa kunifikishia.

"Hapa hakuna wa kutumwa, Musembi," nikasema. Lilikuwa jina lake, na sikuwa nimewahi kulitamka mbele yake. "Tuko wawili. Na tutashuka upesi, kwa hiyo usinizungushe. Mumbua alisemaje?"

Kusini Kilimanjaro ilikuwa imejitandaza yote. Chini kidogo, upande wa kulia, niliona bati la boma la akina Musembi, na kando yake ule udongo mwekundu uliopangwa mawe. Niliutambua. Sikuweza kuutazama sana.

"Wazee waliniambia alikwenda kwa amani," nikasema. "Hayo ni ya wazee. Mimi nataka ya mtoto wangu. Hata kama alilia, hata kama alinilaumu kwa kutofika, nipe."

"Hakulia." Kifua chake kilipanda na kushuka mgongoni mwangu, na leso katikati. "Alicheka, Mwaitu."

Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba. Mkwe haniiti hivyo. Mumbua ndiye aliyeniita hivyo, na tangu afe hakuna mtu aliyenipa neno hilo.

"Alicheka nini?"

"Dirisha la wodi kule Nanyuki lilitazama Kiinyaa kwa upande wa pili. Kila asubuhi alinionyesha, anasema, mama yangu yuko nyuma yake, saa hii anapepeta na kuusuta upepo. Siku ile hakuwa na nguvu. Aliniita nikainama. Akasema, mwambie mwaitu nyuma ya Kiinyaa kuna watu. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikamwambia, mimi ni mkwe, nitamwambiaje mama yako? Akasema, utatafuta njia."

Nililia. Miwani ya upepo niliyovishwa ilijaa machozi, nikawa naona dunia kama mtu aliye ndani ya mtungi.

"Niliwapa wazee neno hilo," akasema. "Walikataa kulibeba. Walisema hilo ni neno la utani, si la msiba, mama atadhani binti alikufa na wazimu. Wakaweka lao. Nimekaa na lako mpaka leo. Nikikuona kwa mbali najificha, na si kwa nthoni peke yake."

Alivuta kamba moja na tambarare yote ikageuka polepole. "Tazama mbele, Mwaitu."

Nilinyanyua miwani kidogo, machozi yakamwagika. Vilima vya Mbooni vilikuwa mbele yetu, buluu, midogo, na nyumba yangu huko mahali fulani. Mbali nyuma yake, juu ya ukungu, ulikuwa umetokeza mlima Kiinyaa. Nilikuwa nimeuona maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kutamani kuzunguka nyuma yake kama nilivyotamani pale, nikiwa nimefungwa kwenye kitambaa. Mtoto wangu alilala upande ule akaninyooshea kidole kupitia jiwe na theluji, na mimi upande huu nilikuwa nasuta upepo, kama alivyosema.

"Inua miguu," Musembi akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Tunafika."

Tulitua kwa makalio, tukaburuzwa vumbini kama viazi. Alifungua mikanda upesi, akasimama, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatafuta kofia yake mfukoni na kuishusha usoni. Mimi niligeukia upande wa pili. Wanawake walikuja mbio na vigelegele, Syokau mbele.

"Umeona nini huko?" akauliza, kisha akaniona uso, akanishika mkono.

"Mwambie huyo kijana," nikasema kwa sauti ya kutosha, maana alikuwa hatua chache tu, "ile njia aliyoambiwa atafute, ameipata. Mwambie aoe sasa. Na mke wake mpya akija, aniletee nimwone."

Syokau akageuka amfikishie. Musembi alikuwa amekwisha kusikia. Alichuchumaa palepale, akafunika kofia kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na hakuna aliyemsogelea.

Kesho yake nilikuwa uani kwangu kabla ya jua, maharagwe yako motoni. Wingu lilikuwa limefunika kaskazini yote. Nilingoja. Nilisikia harufu ya maharagwe yakiungua nikayaacha yaungue. Wingu lilipoinuka na lile jino dogo likaonekana, niliita, "Mumbua!" kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikimwita akichelewa kisimani, mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Najua kaburi liko Kasikeu, kusini, nimeliona mwenyewe kutoka juu. Lakini niliita upande wa Kiinyaa.