Foksi Halipandwi Maua

Kizuizi cha reli ya kiti cha abiria garini kilikuwa kimeshika kutu. Nyanjige alikitia matone matatu ya oili, akahesabu kimoyomoyo hadi mia, kisha akakiinua kwa ncha ya bisibisi huku akisukuma kiti kwa goti. Kiti kilisogea vidole viwili, kikagoma. Hakukipiga nyundo. Alitia oili tena, akahesabu tena, na safari hii kikateleza hadi mwisho wa reli, kikamwangukia mapajani. Alikitoa kupitia mlangoni na kukilaza juu ya gunia barazani.

Baadaye aliingia mwenyewe kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akanyoosha mguu mbele, mahali pale palipokuwa na kiti. Mguu haukugusa kitu. Mzee Bujiku, baba mkwe wake, alikuwa mrefu kuliko yeye, lakini si kwa urefu huo.

Gari lilikuwa Foksi, lile la mgongo wa kobe, lenye injini nyuma na buti mbele. Liliundwa kabla yeye hajazaliwa. Baba yake, aliyekuwa dereva wa misheni, alilikabidhi kwa mkwewe Ndaki, mume wa Nyanjige, siku ya harusi, na kwa hiyo kadi ilikuwa na jina la Ndaki. Ila aliyeliendesha ni Nyanjige. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akitoka nalo Bariadi mjini kila asubuhi kwenda Dutwa kufundisha hesabu, kiangazi na masika, na jioni akirudi nalo na madaftari, na mahindi, na mara moja na mbuzi. Ufundi alijifunza kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi ikiwa pembeni, ukurasa mmoja kwa juma.

Sasa ndugu wa mumewe walitaka kuliuza. Mayala, mdogo wake Ndaki, alikuwa amepata mnunuzi, mfanyabiashara wa Mwanza aitwaye Tajudin, aliyetaka kulisimamisha mbele ya nyumba yake ya wageni, atoe injini na kulipanda maua. Kwenye kikao cha Jumapili Mayala alisema mengi, kwamba ni aibu, kwamba watoto wa shule wanalicheka, kwamba Nyanjige anunuliwe gari kubwa kama lake. Hayo Nyanjige aliyasikia yakapita. Lililomkaa ni moja. Mzee Bujiku alipigwa pembe ya mguu na fahali, kidonda kikawa kibaya na goti halikunjiki. Ilimpasa kufika hospitali Bariadi kila siku kusafishwa. Mayala aliuliza, ataingiaje humo? Na akiingia, atakaaje bega kwa bega na mkamwana wake?

Hapo kikao kizima kilikubali, kwa sababu ni kweli. Kwa mila yao, mkamwana hakai karibu na baba mkwe. Hamtazami usoni, wala, zaidi ya salamu, hasemi naye moja kwa moja. Kati yao huwapo mtu wa tatu wa kuyapokea maneno na kuyafikisha. Ndaki, aliyekuwa Mwandoya akipima pamba ya msimu, aliulizwa kwa simu. Alisema hatabishana, neno la baba ndilo neno. Mzee naye alisema atatoa neno Jumatano, mnunuzi akija.

Leo ilikuwa Jumatano. Mayala, mwenye gari kubwa la milango mitano, alikuwa ameahidi kumpeleka baba yake Jumatatu, akapata dharura. Jumanne akapata nyingine. Asubuhi hii alituma ujumbe kwamba atafika mchana, na mnunuzi. Kidonda hakikuwa na habari za dharura.

Shule zilikuwa likizo, na Nyanjige hakumwomba mtu ruhusa. Alikigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, akabaki na cha mlangoni, akawasha gari.

Mzee Bujiku alikuwa amekaa mlangoni pake, nje kidogo ya Dutwa, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Alikuwa peke yake, maana mama mkwe alikwenda Kalemela kumwuguza binti aliyejifungua, na wajukuu alifuatana nao. Nyanjige alipiga magoti mbali, macho chini, akamwamkia kwa salamu ya asubuhi, mwangaluka. Mzee akaitikia. Halafu hapakuwa na mtu wa tatu wa kuendeleza mazungumzo. Aliinuka, akafungua mlango wa kushoto hadi mwisho, akaenda kusimama nyuma ya gari, mgongo akiwa amempa mzee.

Alisikia fimbo ikikaribia. Ikasimama kwa muda mrefu. Kisha springi za kiti cha nyuma zikalia.

Walikwenda kilomita tano bila neno, injini ikigonga nyuma yao kama cherehani. Barabara ilikuwa na malori ya pamba, na kila moja lilipopita Foksi liliyumba kidogo na kurudi mahali pake. Mwishowe mzee akakohoa.

"Foksi," alisema.

Nyanjige nusura ageuze shingo.

"Foksi, mwulize huyo anayekuendesha, kiti kimekwenda wapi?"

Alitazama usukani, kwa kuwa ndio uliokuwa mbele yake.

"Foksi, mwambie baba kiti kipo barazani. Kimepisha mguu."

"Hm. Mwambie mguu unashukuru. Mwambie pia kuna ng'ombe pale mbele, na yule mwekundu hana akili."

Alipunguza mwendo. Yule mwekundu kweli alikatiza.

Kuanzia hapo Foksi lilifanya kazi ya kufikisha maneno hadi Bariadi. Lilimweleza mzee kwamba halina maji ya kupoza injini kwa sababu hupozwa na upepo, naye akalijibu kwamba ng'ombe wa namna hiyo angependa kuwa nao. Likamfikishia Nyanjige swali kuhusu mvua, na kuhusu Ndaki kama anakula vizuri huko Mwandoya. Waliporudi, bendeji ikiwa mpya, mzee akaliita tena.

"Foksi, mwulize. Lile gari kubwa analikatalia nini?"

"Mwambie baba hili likikohoa najua linaumwa wapi, nashuka, natibu, naendelea. Lile likikohoa nitakaa kando ya barabara nimpigie mtu simu." Sauti yake haikupanda. "Na mwambie sijawahi kuikosa kengele ya kwanza ya shule. Wenye magari makubwa waulizwe kama wanaweza kusema hivyo."

Foksi likaingia uani kwa mzee.

Mayala na Tajudin walikuwa wamefika. Mayala alilizunguka gari kabla halijazimwa, akicheka.

"Shemeji, umemtia baba kwenye debe la alizeti?"

"Debe limefika, shemeji. Pipa lako lilikuwa wapi Jumatatu?"

Tajudin alikuwa mtu mpole. Alisalimia kwanza, akachungulia ndani, akauliza kiti kiko wapi, kwa sababu alilitaka kamili. Nyanjige akamjibu kwamba kiti kimebaki barazani kwake kumpisha mgonjwa, na kwamba kama ni maua, huku Dutwa kuna madebe mengi yasiyo na shughuli.

"Lakini baba," Mayala alisema, akiwa ameacha kucheka, "umekaa na mkamwana wako humo ndani. Watu watasema nini?"

Mzee Bujiku alikuwa bado ndani, mguu umenyooka, mikono juu ya fimbo.

"Nilikaa kwangu, yeye kwake. Sikumwona uso. Tulikuwa watatu." Aliligonga gari mara mbili kwa kisigino cha fimbo. "Gari lako ni kubwa, Mayala. Nimelisubiri siku tatu, sijajua hata viti vyake ni vya rangi gani. Mgeni wetu apewe chakula, na aombwe radhi kwa safari. Hili haliuzwi."

Kisha akageukia dashibodi.

"Foksi, kesho saa mbili. Usichelewe."

"Foksi, mwambie baba ni saa mbili kasorobo," alisema Nyanjige kutoka nyuma ya gari.

Jua lilikuwa linashuka alipofika nyumbani. Ule mlio wa cherehani ulikuwa umezidi njiani. Tapeti, zile zinazosukuma vali za injini, zilitaka kurekebishwa, na siku zijazo zilikuwa na safari mbili kila siku. Alifungua kifuniko cha nyuma, akagusa chuma kwa mgongo wa kidole, akakiondoa upesi. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na hii ingepoa alfajiri. Alitandaza kitambaa chini ya bampa, akapanga juu yake spana namba kumi na tatu, bisibisi pana na vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kwa mpangilio ambao angevihitaji. Akavifunika kwa ndoo, akaacha kifuniko cha injini wazi, akaingia ndani kunawa mikono.