Tumekubali Kushuka Hadi Kwenu

Kama uliwahi kuhudhuria harusi au jubilei ya mtu mzito pale Mbinga miaka ile ya soko huria, ukamsikia mtu asiyejua kuongea akisema maneno ya kuliza watu, basi ujue ulikuwa unamsikia mke wangu Ottilia. Yeye hakuwepo ukumbini. Alikuwa nyumbani akichambua maharage. Lakini maneno yalikuwa yake, na mimi niliyajua kwa sababu yalizaliwa nyuma ya pazia, karibu kabisa na cherehani yangu.

Ottilia alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, ushirika ukapunguza watu, naye akarudi nyumbani na taipureta kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Mimi nilikuwa fundi nguo, nikishona suti hata za mapadri. Mitumba ilipoingia, kazi yangu ikabaki kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee Wamatengo wembamba. Basi tukapanga chumba kimoja karibu na soko, mimi mlangoni, yeye ndani nyuma ya pazia la khanga.

Kazi yake haikuwa na jina. Alianza na barua za kuomba kazi. Vyama vingi vilipokuja, wagombea wakaja kutafuta hotuba. Wakafuata wenye wasifu wa marehemu, wenye risala, wenye barua za posa. Watu walimwita kwa jina la binti yetu, wakielekezana hivi: "Nenda kwa Mama Albina, atakusemea." Naye alikuwa na mwiko mmoja. Hakumtaja mtu aliyemwandikia, hata kwangu, ingawa mimi nilisikia yote kupitia pazia na alijua kwamba nasikia.

"Siku nikitaja jina moja," alisema, "nimefunga duka."

Mimi, nasema ukweli, nilikuwa naumia. Mtu anapigiwa vigelegele kwa maneno ya mke wangu, halafu kesho anapita barabarani hatusalimii! Nilikuwa nikifoka, yeye anacheka. "Baba Albina, suruali ukishaipunguza inakuwa ya nani?" Swali hilo lilizidi kuniudhi.

Siku moja akaja Mzee Erasmo wa Mapera, mkulima wa kahawa, pamoja na mwanawe Florian. "Tumsifu Yesu Kristu," alisema mlangoni. Tukaitika, "Milele amina." Akavua kofia, akaingia nyuma ya pazia, akasema alichokuja nacho kwa ufupi. Kijana wake amempenda mwalimu wa shule ya msingi Mpepai, anaitwa Glorious. Kwao ni Liuli, ziwani, nao ni Waanglikana. "Andika tu kwamba kijana ameona mtu kwao. Tunaomba tuje."

Ottilia akamgeukia Florian. "Na wewe mwanangu, umempendea nini?"

Florian akahangaika, akatazama vidole vyake. "Anacheka vizuri," alisema mwishowe.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana Ottilia alimpenda yule kijana papo hapo. Wageni walipoondoka akakaa kwenye taipureta mchana wote. Akaandika habari za ua lililoonekana bustanini, na za miguu isiyochoka. Katikati akaweka sentensi iliyompendeza kuliko zote: "Kwa ajili ya ua hilo, tumekubali kushuka hadi kwenu." Akanisomea kwa sauti. Mimi ni Mmatengo wa kuzaliwa, sikusikia kasoro yoyote. Kwetu kwenda ziwani ni kushuka. Unashuka kufuata dagaa wa usipa, unashuka kwenda msibani, hata askofu akienda huko anashuka. Barabara yenyewe inateremka mpaka masikio yanaziba.

Mzee Erasmo akaweka sahihi, mshenga akaipeleka.

Haukupita muda mrefu, akatokea mlangoni mzee mgeni aliyenukia samaki na vumbi la lori. Mabega yake yalikuwa ya mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote. Aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama, akauliza mwandishi yuko wapi. Nikamwonyesha pazia.

"Naitwa Hamphrey, natoka Liuli," nilimsikia akisema. "Binti, nimeambiwa unajua kuandika maneno makali kwa adabu. Nataka jibu la kuwakatalia watu. Hii hapa barua yao."

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa, halafu Ottilia akikohoa kidogo.

"Mzee wangu, walikukosea nini?"

"Soma hapo katikati! Tulikaa ukoo mzima, mdogo wangu Ignatio akawa anasoma. Kufika hapo, dada yangu akamwambia, hebu rudia. Akarudia. Tumekubali kushuka! Nani aliwaomba wajishushe? Kwa hiyo sisi wa ziwani tuko chini, tunakula muhogo na usipa, na wao wako juu na kahawa yao. Binti yangu ana cheti cha ualimu!"

"Na mwenyewe Glorious anasemaje?"

 Sauti ya yule mzee ikapoa. "Yuko nyumbani likizo, analia. Chakula hagusi. Mama yake naye ameacha kuongea na mimi. Lakini mimi ni baba. Nitamtoaje mtoto kwa watu waliomdharau hata kabla hawajala ugali wake? Leo mimi nipo. Kesho atakuwa peke yake huku milimani, na nani atamsemea?"

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema kitu kuhusu taipureta. Nilimjua mke wangu. Nilijua kwamba kule nyuma ya pazia alikuwa anajilaumu, kwa sababu posa ya yule kijana wa "anacheka vizuri" ilikuwa inakufa, na aliyeipa sumu ni yeye.

"Haya mzee," alisema. "Wewe sema, mimi nitaandika." Akaingiza karatasi.

"Andika. Kwa Mzee Erasmo wa Mapera. Mimi Hamphrey nimepanda hadi Mbinga ili kukujibu..."

Taipureta ikanyamaza. "Niandike umepanda, mzee?"

"Si nimepanda? Au nimeruka?"

"Hawatasema unajikweza?"

"Kujikweza kumetoka wapi, binti? Barabara inapanda! Sisi wote kwetu tunasema hivyo. Tunapanda Mbinga, tunapanda..." Akakatiza.

"Na mtu wa huku akija kwenu?" Ottilia aliuliza taratibu.

"Anashuka," alisema Mzee Hamphrey, kama mtu aliyekanyaga kitu majini asichokijua. Nikadhani yameisha. Nikarudisha mguu kwenye cherehani. Lakini yule mzee hakuwa mtoto mdogo.

"Ngoja. Kushuka nimekuelewa. Kushuka ni barabara. Lakini kukubali si barabara! Mtu hukubali jambo lililomshinda kwanza. Huyo Erasmo alikaa, akatupima, akatuona wadogo, halafu ndiyo akakubali. Hapana. Andika wasije."

Nilitaka kukohoa ili nimzuie mke wangu asivunje mwiko wake, maana nilijua atakalofanya. Sikukohoa. Namshukuru Mungu kwamba sikukohoa.

"Mzee," alisema Ottilia, "Mzee Erasmo hakusema hivyo. Alikaa hapo ulipokaa, akasema, tunaomba tuje. Basi. Hayo mengine ni yangu. Nimeandika 'tumekubali' kwa sababu lilisikika vizuri sikioni mwangu."

 

"Kumbe," Mzee Hamphrey alisema, "nimekaa juu ya gunia kwenye lori kutwa nzima, kuja kumkasirikia mtu, na mtu mwenyewe ni wewe?"

"Ni mimi. Mimi siku zote sisemi nimemwandikia nani. Ukitaka kunitangaza, mzee wangu, una haki, na watu hawataniamini tena. Ila usimwadhibu Glorious kwa kosa la taipureta yangu."

Sikuweza kukaa tena. Nikafungua pazia nikaingia, futikamba shingoni. "Mzee, nisamehe kuingilia. Mimi ni mume wake."

Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Na wewe mwanamume mzima ulisomewa barua hii hukusikia kosa?"

"Sikusikia, mzee. Mimi kwetu ni juu milimani. Tukitoka tu mlangoni tunashuka."

Kwanza akajizuia. Halafu akacheka, cheko kubwa la mtu aliyezoea kuongea akiwa majini na wenzake wako mbali. Ottilia naye akacheka huku akijifuta machozi kwa pembe ya khanga. Nilimpenda sana saa ile, mke wangu, na kosa lake lote.

Mzee Hamphrey akatulia. "Binti, nikuulize. Erasmo alisema tunaomba? Neno hilo hukulitia wewe?"

"Alisema tunaomba, mzee. Alikuwa amevua kofia."

Akaikunja ile barua polepole, akaitia mfukoni. "Toa karatasi hiyo. Weka nyingine. Andika: Njooni."

Ottilia akachapa, akasubiri. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Hujawasalimu. Hujasema mmepokea barua, na kwamba ukoo umekaa, na kwamba mnawakaribisha kwa mikono miwili..."

"Mama we! Ukiongeza neno jingine tutagombana wilaya nzima. Weka nukta hapo, nitie sahihi."

Akaweka nukta. Niliona vidole vyake vimebaki juu ya vitufe, vinawasha. Namfahamu, angeweza kutoa ukurasa mzima ulio bora kuliko ile barua ya kwanza. Akaitoa karatasi ilivyo, nyeupe yote, neno moja juu na sahihi chini. Mzee Hamphrey akaondoka nayo. Na kama alimsimulia mtu habari zetu, sisi hatukusikia, na wateja hawakupungua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mzee Erasmo akaingia na Florian nyuma yake. Safari hii hata Tumsifu Yesu Kristu hakusema. Akamnyooshea Ottilia karatasi.

"Mama Albina, wewe ndiye unayejua maneno ya watu. Hebu nitazamie hili. Lina nini ndani? Mtu aliyefurahi huandika akajaza. Huyu ameandika neno moja. Ni hasira?"

Florian alikuwa ameegemea mlango wangu. Ottilia akaipokea karatasi akaisoma kama mtu asiyewahi kuiona. Mimi nikajitia kutunga uzi kwenye sindano.

"Halina kitu ndani, mzee. Ni njooni."

"Hakuandika habari za kanisa?"

"Mambo ya kanisa mtayaongea mkifika. Hapa hakuandika."

"Wala masharti?"

"Wala masharti."

Mzee Erasmo akakaa kwenye benchi la wateja wangu. Akaiweka karatasi gotini akapitisha kidole chini ya lile neno, herufi kwa herufi. Machozi yakaanza kumtoka. "Mimi nilishajiandaa kukataliwa, mama," alisema. "Nilishamwambia mama yake Florian ajikaze. Nikasema, watu wale hawatuhitaji sisi, wana ziwa lao, wana hospitali yao, wana kanisa lao, watatuitia nini?"  Nikamwona mke wangu akimtazama yule mzee anavyolia kwa neno ambalo yeye hakulitia hata nakshi moja, na uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nilivyouona siku nyingi.

Mzee Erasmo akajipangusa, akarudia uzee wake. "Haya. Inabidi tujibu. Andika, Mama Albina. Andika vizuri, kama ile ya kwanza."

Ottilia alikuwa ameshashika karatasi. Akaitazama, akairudisha mahali pake.

"Mtu akikuambia njoo, mzee wangu, hajibiwi kwa barua," alisema. "Nendeni."

Florian alikuwa ameshafika barabarani.