Kesho ya Serikali

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na cheo kirefu kuliko tai yake: Mkuu wa Uendelezaji Biashara, Idara za Kiraia. Kazi yenyewe ilikuwa kuziuzia ofisi za serikali mashine za foleni, zile unazobonyeza zikakutemea namba, ukakaa kusubiri kuitwa. Ukimuuliza yeye, hauzi chochote. Anajenga mahusiano. Amejenga mahusiano miaka nenda miaka rudi, na nyumba ya dada mpaka leo haina geti.

Kazini tulimwita Mkalimani, naye akadhani tunamsifu. Alijigamba kwamba serikali ina lugha yake. Afisa akisema "tumelipokea", limetupwa. Akisema "liko mezani", meza hiyo haipo. "Na wakikuambia kesho," alitufundisha, kidole hewani, "kusanya vyako uage kwa adabu. Kesho ya serikali haina tarehe." Watu wazima na akili zao walikuwa wanaandika maneno hayo.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa mkataba wa muda. Bosi aliniambia wazi: ofisi ya vyeti vya kuzaliwa ikinunua, naajiriwa, isiponunua, nirudi nyumbani. Dada naye alimwonya mumewe: "Mdogo wangu akikosa kazi hiyo, usiniletee maelezo."

Mkurugenzi wa pale alikuwa mpya, mama aliyetoka kuongoza wodi ya wazazi. Tulikwenda kumwona Jumanne. Nje ya mlango wake akina mama wenye watoto walikuwa wamebanana ukutani, na mlinzi anagombana na mwanamume aliyeruka foleni. Shemeji akaanza wimbo wake: ushirikiano wa kimkakati, wadau, safari ya mageuzi. Mama akamwacha amalize, kisha akanigeukia mimi.

"Binti, hiyo mashine inaita watu kwa zamu?"

"Inaita, mama. Sauti inasikika mpaka nje."

"Haya, ileteni kesho tuijaribu. Ikifanya kazi, nanunua."

Nilitaka kumkumbatia. Shemeji akainamisha kichwa, akashukuru kwa sauti ya msibani, akanishika kiwiko tukatoka.

"Pole, shemeji," aliniambia kwenye ngazi. "Umesikia mwenyewe. Kesho."

"Amesema tuilete."

"Amesema kesho."

"Si ndiyo Jumatano?"

Akacheka kile kicheko chake cha kumhurumia mjinga. "Bado mchanga wewe. Tumekataliwa kistaarabu. Tukirudi kesho tutaonekana washamba. Tumwache wiki moja apoe."

Mashine ilikuwa kwenye buti ya gari lake. Jumatano asubuhi nilimsihi, nikamfuata mpaka kwa bosi, na bosi akasema nimsikilize Mkalimani, yeye ndiye anayewajua watu wa serikali. Nilikwenda kulia chooni, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Wiki ilipoisha tukarudi, yeye na tai mpya. Ukumbi ulikuwa umetulia, watu wamekaa vitini, na mashine ya wapinzani wetu inaita namba kwa sauti tamu. Tulipoelekea mlangoni, mlinzi akatuzuia. "Chukueni namba kama wenzenu." Mkuu wa Uendelezaji Biashara akabonyeza mashine ya watu, akapewa karatasi yake, akakaa. Mlinzi akaiona ile mashine yetu miguuni pangu. "Chelewa chelewa," akasema taratibu, "utamkuta mwana si wako."

Tulipoitwa, mama hakutukaribisha kiti. "Niliwasubiri mpaka jioni. Nikawapigia wengine, wakaja asubuhi yake."

"Mama, unajua, tulidhani ni ile kesho ya..." Shemeji akarekebisha tai. "Ile ya kawaida."

"Kwani kuna nyingine?"

Mkalimani akaaga kwa adabu. Tulishuka ngazi, mimi nimeibeba mashine, naye amebeba simu yake. Nilikuwa nimeshapoteza kazi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba niliipoteza huku jibu la ndiyo nimelisikia kwa masikio yangu.

Kwenye gari akalegeza tai.

"Shemeji, nakuomba. Dada yako usimwambie leo."

"Sawa," nikamjibu. "Nitamwambia kesho."

Akaacha kuwasha gari. Akanigeukia.

"Kesho ipi?"