Waliomuulizia Mwanarehema

Kwa miaka kumi na mmoja Mwanarehema alichukua unga wa ngano kwa mkopo katika duka la jumla la Bwana Abdillahi pale Changamwe, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukumbushwa. Kikomo chake kilikuwa magunia mawili. Alilipa kila Alhamisi kabla ya adhuhuri, tena kwa noti alizozinyoosha mwenyewe. Watu wa Jomvu Kuu walimsifu kwa mahamri yake, naye aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alijua mahamri hata wengine wanayapika. Fahari yake hasa ilikuwa ile Alhamisi.

Basi mwaka wa themanini na saba kiwanda kimoja kikamtaka apeleke mahamri mia tano kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, kwenye kantini yao, kuanzia tarehe mosi, malipo mwisho wa mwezi. Mwanarehema alipiga hesabu akiwa bado amesimama langoni pa kiwanda. Gunia moja lingemaliza siku nne. Kwa mwezi mzima alihitaji magunia saba kasoro kidogo, na hata shilingi moja isingeingia mpaka mwezi uishe. Magunia mawili yangemfikisha tarehe tisa, kisha kazi ingekwenda kwa mwingine.

Akenda dukani siku hiyo hiyo.

"Nataka kikomo changu kifike magunia saba, nikulipe mwisho wa mwezi," alisema baada ya salamu.

Abdillahi hakuwa mtu wa kukubali wala kukataa siku moja. "Inshallah, Bi Mwanarehema. Tupe siku mbili tatu tutazame."

Kutazama kwenyewe akakabidhiwa Khatibu, shemeji yake na karani wa duka, mtu mzima wa ndevu za mvi ambaye angeweza kukuuliza saa na mtaa mzima ukajua umechelewa. Khatibu akaenda kwa Lewa, muuza kuni. Akaenda kwa Kafedha, mama wa Kigiriama aliyekuwa akimkopesha Mwanarehema nazi za wiki nzima. Kote aliuliza vile vile. Huyu Mwanarehema analipa? Hana madeni kwingine? Maana anataka kuongezewa. Wote walijibu kwamba analipa. Khatibu akashukuru, akaenda zake, na asirudi kuwaambia lililoamuliwa.

Ikafika Jumatano, zimebaki siku tano kabla ya tarehe mosi, na Abdillahi kimya. Hapo Mwanarehema akafanya kosa, na baadaye alilikiri bila kuumauma maneno. Asubuhi moja aliingia maduka mengine matatu ya jumla, moja baada ya jingine, na kila mahali akaomba kukopeshwa unga. Alidhani anajiongezea bahati. Hakuwaza kwamba wenye maduka wote wanne husali msikiti mmoja, na kwamba Ijumaa wakitoka wangeketi barazani na kupeana habari. Mwanamke mmoja, maduka manne, wiki moja. Kila mmoja akajiuliza mwenzake ameona nini hata asimpe.

Jumamosi alikwenda kuchukua nazi. Kafedha akaweka mkono juu ya rundo.

"Dada, leo nitaomba pesa mkononi. Usinielewe vibaya. Nasikia unatafuta kila mahali."

"Nimekudhulumu lini, Kafedha?"

"Hujanidhulumu. Lakini watu hawaji kumuulizia mtu bure."

Mwanarehema akalipa. Akapita kwa Lewa. Lewa naye, macho yakiwa kwenye kuni zake, akasema siku hizi anauza kwa taslimu tu. Njia nzima alijiuliza ni senti ya nani aliyoila. Hakuiona. Hakuna deni ambalo hakulilipa, na bado jina lake lilikuwa limeshuka kwa kuulizwa tu.

Alirudi nyumbani akavaa buibui lake zuri, kisha akaenda kwa Abdillahi. Duka lilikuwa limejaa wateja, na alifurahi kwamba limejaa.

"Bwana Abdillahi, una mabinti. Watu wakitaka kumposa binti yako, si huulizia kwanza kwa majirani?"

"Huulizia."

"Na wakishaulizia wakanyamaza, wasilete neno, mtaa husemaje?"

Abdillahi akaweka kalamu chini. "Husema wameona ila, kasoro fulani."

"Basi mimi mmeniulizia kama mwali, kisha mkanyamaza. Wallahi sina ila. Kuingia yale maduka matatu ni haraka yangu, kosa langu mwenyewe. Lakini leo nimenyimwa nazi na kuni kwa sababu ya swali lako. Unga ni mali yako, ukitaka kuninyima ninyime. Jina ni langu, na nimekuja kulichukua."

Abdillahi akavuta daftari, akafungua ukurasa wake, akawa anarudi nyuma, Alhamisi moja hadi nyingine, mpaka akachoka kufunua. Kisha akavaa kofia na kuchukua bakora. Khatibu akainuka ili amfuate.

"Wewe kaa," Abdillahi akamwambia. "Umeshatembea vya kutosha."

Wakaongozana kwa miguu, mwenye duka na mpika mahamri, na watu wakatoka milangoni kutazama. Walianza kwa Lewa, wakaenda kwa Kafedha, wakamalizia katika yale maduka matatu. Kila mahali Abdillahi alisema maneno yale yale. "Nilituma mtu kumuulizia Bi Mwanarehema. Daftari langu mwenyewe lilikuwa na jibu, nami sikulitazama. Nampa magunia saba. Nimekuja kukujulisha." Mwanarehema alisimama kando yake, kichwa juu, na wala hakujisumbua kuficha kwamba anaona raha.

Tarehe mosi mahamri mia tano yalifika kantini yakiwa bado ya moto. Mwisho wa mwezi alilipa magunia yote saba, kwa noti zilizonyooshwa.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo akaja mgeni uani kwake, wakala wa tajiri mmoja wa nazi kutoka Mtongwe. Alikuta mikono ya Mwanarehema imejaa unga.

"Kuna mama anaitwa Kafedha," alisema kwa sauti ya chini. "Anataka tumuongezee mzigo wa mkopo. Unamuonaje?"

Mwanarehema akanawa mikono, akaufunika unga, akajitanda, akamwambia amfuate. Wakaenda mpaka mbele ya rundo la nazi la Kafedha.

"Kafedha, huyu bwana ameniuliza kama unalipa. Nataka nimjibu ukiwa unasikia." Akamgeukia mgeni. "Analipa. Nimefanya naye biashara miaka tisa. Kama utampa au hutampa, mwambie hapa hapa kabla hujaondoka."

Kafedha alifunika mdomo kwa ncha ya leso, machozi yakimlengalenga, na wakala akatoa kitabu chake akaandika mzigo aliouomba.